Nani Aliyechagua Swali? Fedha za Wafadhili na Utafiti wa Sera za Uchumi Vyuoni

Wanafunzi wangu wa uzamili huniuliza kama mchumi wa chuo kikuu anayegharimiwa na wakfu wa ng'ambo anaweza kuandika jambo lisilompendeza mgharimiaji. Mimi huanza kwa kutazama ni nani aliyechagua swali la utafiti. Ukubwa wa ruzuku huja baadaye.

Mfano ninaoupenda ni AERC, muungano wa utafiti wa kiuchumi barani Afrika ulioanzishwa mwaka 1988, wenye makao yake Nairobi. Wakati huo nchi zetu zilikuwa zikitekeleza mageuzi ya kiuchumi yaliyopigiwa hesabu Washington, kwenye makao ya Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, huku mishahara ya wahadhiri ikiwa haitoshi, na wengi wao wakijisitiri kwa kazi za ushauri. Wafadhili, miongoni mwao Wakfu wa Rockefeller, Wakfu wa Ford na IDRC, ambalo ni shirika la umma la Kanada, waliweka fedha zao katika mfuko mmoja wakaketi kwenye bodi inayopitisha bajeti, lakini ajenda ya utafiti ikakabidhiwa kamati ya wanataaluma. Mtafiti huwasilisha andiko lake kwenye warsha zinazofanyika mara mbili kwa mwaka, akahojiwa na wenzake pamoja na wachumi wabobezi (bila huruma, niseme ukweli), akarudi kulirekebisha. Na ruzuku, ambayo si kubwa, hutolewa kwa awamu kadiri kazi inavyosonga.

Utaratibu huo ulihitaji subira. Programu ya pamoja ya uzamili ilianza mwaka 1993, ya uzamivu ikafuata miaka ya 2000, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikawa miongoni mwa vyuo vinavyotoa shahada hiyo. Benno Ndulu, aliyewahi kuwa mkurugenzi mtendaji wa AERC, aliiongoza Benki Kuu ya Tanzania kuanzia mwaka 2008 hadi 2018. Matunda ya namna hiyo hayawezi kuingizwa kwenye jedwali la viashiria vya mradi wa miezi kumi na minane, na miradi ya aina hiyo ndiyo inayotujia zaidi siku hizi, mada ikiwa imekwishaamuliwa.

Kwa hiyo mkataba wa ufadhili ukifika mezani kwangu, nasoma kifungu cha uchapishaji kabla ya bajeti. Ikiwa matokeo hayatachapishwa mpaka mtoa fedha ayaidhinishe, hiyo ni kazi ya ushauri, nami huitoza bei ya ushauri.