Si kila aliyepatwa amejitakia

Ujumbe huu haukauki kwenye magrupu: "Malipo ni hapahapa duniani, ukimwona mtu anateseka, jua kuna alichofanya." Si kweli. Matendo yana matokeo, naam, lakini mtoto anayezaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, hajamkosea mtu. Amerithi vinasaba vya baba na mama, ambao mara nyingi wenyewe hawaumwi.

Imani hii hulishwa na hofu: kama asiye na kosa hupatwa, basi hata sisi twaweza kupatwa. Mwaka 1966 lilichapishwa jaribio la Marekani: wanafunzi walimtazama mwanamke akionekana kupigwa shoti ya umeme kila alipokosea jibu. Alikuwa akiigiza. Waliopewa nafasi ya kumwondolea mateso hawakumshusha hadhi sana. Walioambiwa mateso yataendelea, nao hawana la kufanya, ndio waliomwona duni zaidi. Ni rahisi kutazama mateso ukijiambia kwamba anastahili.

Jipime mwenyewe. Ukisikia jirani kaugua, unauliza "alifanya nini?" au "anahitaji nini?" Kisha wahesabu waovu waliostarehe hadi uzeeni, hao tunawasahau, tunamsimulia yule mmoja aliyeanguka.

Ukiletewa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Huenda kwenye grupu hilo yupo mama aliyetoka kumzika mwanawe.