Makao ya kikodi: sheria ya Marekani inapouliza nyumbani kwako ni wapi

Muulize dereva wa lori aliyezaliwa Mombasa, ambaye sasa anabeba mizigo kati ya Ohio na Texas, "Kwenu wapi?" Atakwambia Mombasa. Muulize anaishi wapi, atataja Columbus, kwa sababu ndiko barua zake zinakofikia. Sheria ya kodi ya mapato ya Marekani ina swali lake la tatu: kazi yako imeweka makao wapi? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama pesa unazotumia kwa chakula na malazi ukiwa safarini zinaweza kutolewa kwenye mapato yako kabla kodi haijakokotolewa.

Mahali hapo ndipo panapoitwa makao ya kikodi. (Nisingesema "nyumba ya kodi", maana hiyo kwetu ni nyumba ya kupanga.) Kwa tafsiri ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, makao ya kikodi ni mji au eneo zima ambamo kituo chako kikuu cha kazi kimo, hata kama familia yako inaishi kwingine. Mwenye mke na watoto Mombasa na ajira ya kudumu Minneapolis, makao yake ya kikodi ni Minneapolis. Pango analolipa huko, chakula anachokula huko, na tiketi ya ndege ya kwenda kuwaona wanawe vyote ni gharama zake binafsi. Najua hili linawauma wengi, kwa kuwa ndiyo gharama kubwa kuliko zote maishani mwao.

Kesi inayotajwa sana hapa ni ya Flowers, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1946. Alikuwa mwanasheria mkazi wa Jackson, Mississippi, akaajiriwa na kampuni ya reli yenye ofisi Mobile, Alabama. Hakutaka kuhama Jackson. Wakakubaliana aendelee kuishi huko, ila nauli na malazi ya Mobile ajilipie mwenyewe. Mwaka 1939 alisafiri kwenda Mobile mara 33, na mwaka 1940 mara 40, kisha akaomba gharama hizo zitolewe kwenye mapato yake. Alishindwa. Majaji hawakutaka hata kufafanua neno "nyumbani" lina maana gani. Waliangalia sababu ya safari tu: reli haikuhitaji aishi Jackson, yeye ndiye aliyependa. Kwa hiyo gharama ilitokana na mapenzi yake, haikutokana na kazi.

Nadhani hapo ndipo dhana nzima inapoeleweka. Nafuu hii ya kodi ipo kwa ajili ya mtu ambaye kazi imemlazimisha kulipia mahali pawili kwa wakati mmoja: pango la nyumba aliyoiacha, na kitanda cha kule alikotumwa. Asiyelipa mara mbili hana cha kupunguziwa.

Ndiyo maana dereva anayelala ndani ya lori mwaka mzima, asiye na chumba popote, hapati nafuu hii kabisa. Watu hushtuka wakisikia, kwani wanaona huyo ndiye msafiri kuliko wote. Lakini kisheria yeye ni mhamahamaji: makao yake ni popote anapofanya kazi, na kwa hiyo hayuko mbali na nyumbani hata siku moja.

Asiye na kituo kikuu cha kazi hupimwa kwa mambo matatu. Je, sehemu ya kazi yake anaifanya katika eneo la nyumba anayodai ni yake, akilala humo anapoifanya? Je, nyumba hiyo anaigharamia hata akiwa safarini? Je, hajaitelekeza, yaani familia yake imo humo au yeye mwenyewe hurudi kulala mara kwa mara? Akitimiza yote matatu, ana makao. Mawili, itategemea mazingira yake. Moja tu, ni mhamahamaji. Kutumia anwani ya binamu bila kulipa pango hakumfikishi mbali, ingawa ushauri huo bado unatolewa sana kwenye vijiwe vyetu.

Kuna na kikomo cha muda. Kazi ya mbali inahesabiwa kuwa ya muda ikiwa inatarajiwa kwisha ndani ya mwaka mmoja, na ikaisha kweli. Neno zito hapo ni "inatarajiwa". Muuguzi mwenye nyumba Columbus akichukua mkataba wa miezi 9 mjini Seattle, yuko safarini. Mwezi wa 8 akakubali kuongeza miezi 7, basi tangu siku matarajio yalipobadilika Seattle ndiyo makao yake ya kikodi, na posho ya malazi aliyokuwa akilipwa bila kodi inageuka mshahara unaotozwa kodi.

Muuguzi huyo ni mwajiriwa, na waajiriwa wengi wa sekta binafsi hawawezi tena kujikatia gharama hizi wenyewe. Mlango huo ulifungwa kuanzia mwaka wa kodi 2018. Kilichobaki kwao ni posho au marejesho kutoka kwa mwajiri. Aliyejiajiri bado anaweza. Dereva mwenye lori lake, anayebanwa na sheria za serikali kuu kuhusu saa za kuendesha, anaruhusiwa kukadiria chakula kwa dola 80 kwa siku kamili ya safari ndani ya Marekani, kiwango kilichoanza Oktoba 2024, kisha kutoa asilimia 80 yake, yaani dola 64. Kwa siku 200 za safari, hizo ni dola 12,800 zisizotozwa kodi ya mapato. Malazi hayana makadirio kwake: ni risiti za hoteli au hakuna. Na safari yenyewe lazima iwe ndefu kiasi cha kuhitaji kulala au kupumzika. Chakula cha mchana cha safari ya kwenda na kurudi siku ileile hakihesabiwi.

Anayejiandaa kudai aanze na pango la nyumbani, lililolipwa kwa njia inayoacha kumbukumbu, miezi yote 12, ikiwemo ile ambayo hakulala humo hata usiku mmoja.