RAC kwenye Tiketi ya Treni ya India: Maana Yake Nini?

Aliyezoea SGR, iwe ya Dar es Salaam kwenda Dodoma au ya Nairobi kwenda Mombasa, anajua kwamba akishalipia tiketi, namba ya behewa na ya kiti zimo humo humo. Treni za masafa marefu za India haziendi hivyo. Unaweza kulipa nauli nzima na bado ukakosa pa kulala, wala hakuna aliyekutapeli. Familia nyingi za kwetu zinazopeleka wagonjwa Chennai, Vellore au Delhi hulijua hilo zikiwa zimeshafika stesheni, na hapo ni kuchelewa.

Tiketi ya behewa la vitanda huwa katika hali moja kati ya tatu. CNF ni nafasi iliyothibitishwa: una behewa na una kitanda. WL ni orodha ya kusubiri: uko kwenye foleni tu. Katikati ipo RAC, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana kwamba nafasi yako inangoja abiria mwingine aghairi safari. Mwenye RAC ana haki ya kupanda na kukaa. Kitanda kizima hana haki nacho, ingawa nauli aliyolipa ni ileile ya mwenye CNF.

Ili uelewe unakalia nini, tazama behewa la daraja la Sleeper, lisilo na kiyoyozi, au 3A, lenye kiyoyozi. Kila sehemu ina vitanda 8. Sita vinatazamana, vitatu kila upande: cha chini, cha kati na cha juu. Viwili vilivyobaki viko ng'ambo ya ujia, vimefuata dirisha. Hicho cha chini kilicho dirishani ndicho cha RAC, na namba zake ni 7, 15, 23, 31, ukiendelea kuongeza 8. Kwenye 2A, daraja la kiyoyozi lisilo na kitanda cha kati, ambako sehemu ina vitanda 6, ni 5, 11, 17 na kuendelea. Mchana huwa viti viwili vinavyotazamana, na usiku migongo ya viti hulazwa ikutane katikati, kiwe kitanda. Ukiandikiwa RAC S5 23, maana yake behewa S5, kitanda 23, na mtu mwingine usiyemjua ameandikiwa 23 hiyohiyo. Usiku kucha mtakaa mkitazamana, au mtajikunja miguu ya huyu ubavuni kwa yule. Kijana mzima atavumilia. Aliyeshonwa tumbo wiki iliyopita asiwekwe pale.

Hali ya tiketi hubadilika, na huifuatilia kwa PNR, namba ya tiketi uliyokata, yenye tarakimu 10. Huonyeshwa kwa jozi, mathalani WL 24/RAC 11: ya kwanza ni hali ya siku uliponunua, ya pili ni ya sasa. Kila anayeghairi husogeza foleni, WL ikaingia RAC, RAC ikawa CNF. Saa kadhaa kabla ya treni kuondoka hutolewa orodha ya mwisho ya abiria, ambayo wenyewe huiita chati. Ikishatoka, tiketi ya mtandaoni ambayo abiria wake wote bado ni WL hufutwa yenyewe na pesa hurudishwa, wala huruhusiwi kuingia nayo kwenye behewa la vitanda. Ya karatasi haijifuti. Lazima uighairi mwenyewe, angalau dakika 30 kabla ya kuondoka, la sivyo pesa imekwenda. Muda huohuo ndio mwisho wa kughairi RAC, na kwa kila abiria hukatwa rupia 60 pamoja na kodi.

Wengi huangalia namba ya WL wakasahau herufi zilizotangulia. GNWL ni foleni ya kituo treni inapoanzia, ambako mgao wa vitanda ni mkubwa, kwa hiyo husonga haraka. RLWL na PQWL ni za vituo vya njiani na safari fupi fupi, zenye mgao mdogo, nazo husonga pale tu anapoghairi mtu wa mgao huohuo. GNWL 20 mara nyingi ni afadhali kuliko RLWL 6. TQWL ni ya Tatkal, tiketi za haraka zinazofunguliwa siku moja kabla, saa 4 asubuhi kwa madaraja yenye kiyoyozi na saa 5 kwa yasiyo nacho. Foleni hiyo haiingii RAC kabisa. Tena tangu Julai 2025, Tatkal ya mtandaoni inataka uthibitisho wa Aadhaar, kitambulisho ambacho mgeni wa muda mfupi hana.

Kwa hiyo safari ya usiku na mgonjwa isipangwe kwa kutegemea bahati ya RAC. Tiketi za kawaida hufunguliwa siku 60 kabla, basi kata mapema ukishajua tarehe ya kutoka hospitali. Kwenye tovuti ya IRCTC, kampuni inayouza tiketi za reli ya India mtandaoni, chagua kitanda cha chini, kisha uweke alama kwenye sharti la kutokata tiketi kama hakipatikani hata kimoja. Mgonjwa na msindikizaji wawe kwenye PNR moja: mmoja akithibitishwa na mwingine akabaki WL, huyo wa pili hafutwi, anaweza kusafiri ingawa hana kitanda chake.

Ikiwa umeshaingia na RAC, mtafute mkaguzi wa tiketi mapema, ukiwa na pasipoti halisi mkononi. Vitanda vya wasiotokea huwapa wenye RAC kwa kufuata foleni. Sababu hiyohiyo inaweza kukugeukia wewe mwenye CNF: tiketi ikisema utapandia Chennai, nawe ukaamua kuisubiri treni Katpadi, stesheni ya kwenda Vellore, bila kubadilisha kituo cha kupandia kwenye tiketi, mkaguzi atakuhesabu hukutokea. Ukiingia utakuta mwenye RAC ameshatandika shuka.