Vimeng'enya vya kuvunja ishara za bakteria haviui bakteria

"Mtaalamu, hii inaua baada ya siku ngapi?" Swali hili nimeulizwa na wakulima wa viazi mviringo, na wenye maduka ya pembejeo, hata na wanafunzi wa shahada wanaokuja maabara. Wiki iliyopita kaniuliza mama mmoja aliyekuja na kiazi kimeoza ndani ya mfuko, maji yanachuruzika. Alikuwa amesikia kwamba kuna vimeng'enya vya Bacillus, bakteria wa udongo, vinavyozuia uozo laini. Kweli vipo. Ila haviui, na kwa kuwa dhana hii inawagharimu watu mazao, nitaieleza kwa kirefu.

Pectobacterium, bakteria wa uozo laini, wana subira. Wakiwa wachache juu ya kiazi, hawamwagi vimeng'enya vyao vya kuyeyusha pektini, ile gundi inayoshikamanisha seli za mmea. Wangefanya hivyo mapema, mmea ungeshtuka na kujihami. Badala yake kila mmoja hutoa molekuli ndogo ya ishara, iitwayo kwa Kiingereza acyl-homoserine lactone. Wanavyozaliana, ishara nayo inazidi kujaa, na ikifika kiwango fulani wanatambua kwamba akidi imetimia. Hapo wanamwaga vimeng'enya kwa pamoja, na kiazi kinageuka uji.

Laktonesi, kimeng'enya cha Bacillus kinachovunja ishara hiyo, inafanya kazi kabla ya hapo. Mwaka 2000 watafiti wa Singapore walieleza jeni ya aiiA waliyoipata kwenye Bacillus. Protini yake, AiiA, ni laktonesi: hufungua pete ya laktoni, sehemu ya ishara iliyojifunga kama duara, na ishara iliyofunguka pete haisomeki tena. Walipoipandikiza jeni hiyo ndani ya bakteria wa uozo wenyewe, bakteria hao waliendelea kuishi, ila makali yao yalipungua sana kwenye viazi, kabichi na karoti. Mwaka 2001 wakaonyesha kwamba tumbaku na viazi vilivyopandikizwa jeni hiyo vinastahimili ugonjwa. Mwaka 2004 ikaonekana kwamba Bacillus thuringiensis, huyuhuyu tunayemtumia kuulia viwavi, hupunguza uozo wa viazi bila kuzuia ukuaji wa Pectobacterium kwenye sahani za maabara.

Bila kuzuia ukuaji! Naomba maneno hayo yashikwe. Kila muhula napokea ripoti ya mwanafunzi aliyeweka tone la kimeng'enya kwenye agari, akatafuta duara tupu lisiloota bakteria, hakuliona, akaandika kwamba kimeng'enya hakifanyi kazi. Alipima kitu kisichohusika. Tumia Chromobacterium violaceum CV026, bakteria wa majaribio anayegeuka zambarau akipata ishara. Zambarau ikipotea huku bakteria wakiendelea kustawi, laktonesi yako ni nzima.

Kwa mkulima maana yake ni hii: kiazi kilichokwisha kulainika hakiponi. Amri ilishatolewa, vimeng'enya vya uozo vimeshamwagwa, na kuvunja ishara wakati huo hakurudishi pektini iliyoyeyuka. Pia bakteria walionyamazishwa bado wako hai juu ya ganda, wanasubiri jeraha na unyevu. Ndiyo maana nasema kila mahali ninapoitwa: usioshe viazi kabla ya kuviweka ghalani. Maji yakitanda juu ya kiazi yanazuia hewa, kinga ya kiazi inashuka, na bakteria huyu anastawi hata hewa ikiwa haba. Chimba wakati udongo umekauka, acha majeraha yajifunge, tenga vilivyochubuka. Hakuna kimeng'enya kitakachokufanyia kazi hiyo.

Nasikia pia kwamba ukivunja ishara moja umevinyamazisha vijidudu vyote. Dhana hii imewaingiza hasara watu wenye mnyauko bakteria. Ralstonia solanacearum, bakteria anayeuleta mnyauko huo, anaamrisha mashambulizi yake kwa ishara ya aina nyingine, esta ya asidi ya mafuta, isiyo na pete ya laktoni. AiiA haina cha kufungua hapo. Kimeng'enya cha kuivunja esta hiyo kilipatikana kwa bakteria mwingine kabisa, Ideonella. Staphylococcus aureus, bakteria wa majipu, naye hutumia peptidi, yaani kipande kifupi cha protini. Kabla hujanunua chochote, jua kwanza una ugonjwa gani: kata shina, litumbukize kwenye glasi ya maji safi, utazame kama uzi mweupe unashuka. Ukishuka, ni mnyauko, na cha kufanya ni kung'oa mimea iliyougua na kutafuta mbegu safi.

Wapo pia wanaosema kwamba bakteria hawawezi kamwe kuwa sugu kwa vimeng'enya hivi. Shinikizo la kuwafanya wabadilike ni dogo kweli, kwa kuwa hawauawi. Lakini mwaka 2012 iliripotiwa kwamba bakteria Pseudomonas aeruginosa wenye mabadiliko ya jeni huisukuma nje ya seli furanoni, kemikali inayoziba mawasiliano yao. Kimeng'enya kinachofanya kazi nje ya seli hakisukumwi namna hiyo, lakini neno "kamwe" mimi silikubali.

Wengine wanaogopa kwamba vimeng'enya hivi ni kitu cha kubuniwa maabara. Udongo umejaa bakteria wenye vimeng'enya hivi. Variovorax paradoxus huzila ishara hizo kama chakula, Agrobacterium huvunja ishara yake mwenyewe, na sisi binadamu tunavyo, paraoksonesi, mwilini mwetu.

La mwisho ni kwa wanafunzi wanaoamini kwamba ishara ikivunjwa imekwisha. Inategemea imekatwa wapi. Asilesi, kimeng'enya cha aina nyingine, hukata kiungo cha amidi, kile kinachounganisha mkia wa ishara na pete, na ishara hairudi. Laktonesi hufungua pete tu, na ukishusha pH hadi kwenye asidi pete inajifunga tena. Kwenye alkali inajifungua yenyewe bila kimeng'enya chochote, kwa hiyo jaribio lisilo na sahani ya ulinganisho yenye bafa (kimiminika kinachoshikilia pH) peke yake nitalirudisha bila kulisoma.