Uvimbe wa taya, kirusi cha Epstein na maneno ya mwaloni kuhusu watafiti wa kansa

Jamani juzi mwaloni Kirumba, pale soko la samaki hapa Mwanza, nimekuta wazee wanabishana kuhusu kansa, mmoja anasema hao watafiti wanakula hela tu miaka nenda rudi hakuna walichofanya, mwingine anasema dawa wanayo ila wameificha. Nilishindwa kukaa kimya, maana nimeshalala wodini na mtoto wa jirani yetu aliyekuwa na uvimbe wa taya, ambao ni kansa, na yule mtoto yupo hai leo kwa sababu ya kazi ya hao hao.

Kwanza hii ya kwamba ugunduzi ni mtu mmoja kaamka asubuhi kaona kitu. Hapana. Daktari wa upasuaji Denis Burkitt alikuwa hospitali ya Mulago, Kampala, akaanza kuona watoto wamevimba mataya, akaandika kuhusu ugonjwa huo 1958. 1961 akapanda gari na wenzake wawili wakazunguka Afrika kama kilomita 16,000, hospitali moja baada ya nyingine, wanauliza tu mmewahi kuona mtoto wa hivi? Wakakuta ugonjwa uko kwenye joto na mvua nyingi, yaani kule kule kwenye malaria, na huo ukanda unatupitia sisi watu wa ziwa.

Mwaka huo huo akatoa mhadhara London, na mtafiti mmoja, Anthony Epstein, alikuwepo anasikiliza. Akaanza kutumiwa vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala, anaviangalia kwenye hadubini ya elektroni, haoni kitu, mwaka unaisha na mwingine unaanza haoni kitu. Hebu fikiria ungekuwa wewe ndo bosi wake! Desemba 1963 ndege ikashindwa kutua London kwa sababu ya ukungu ikaenda Manchester, sampuli ikafika imechelewa na maji yake yameshachafuka kama yameoza, mtu mwingine angemwaga. Yeye akachukua tone akaangalia, kumbe ni seli za uvimbe zinaelea zikiwa hai, na msaidizi wake Yvonne Barr akafanikiwa kuzikuza maabara. Februari 1964 kirusi kikaonekana, na wakaandika wakiwa watatu, Epstein, mwenzake Achong na Barr. Kwangu mimi lile tone ndo kazi yenyewe ya utafiti, halafu miaka ya kutoona kitu iliyokuja kabla yake sioni mtu anaihesabu.

Pili, "kama ni kirusi basi kansa inaambukiza, mtoto atengwe sahani." Hii inaniuma sana maana yule mtoto alitengwa kweli na ndugu zake. Hicho kirusi zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanacho, kinapita kwenye mate, na wengi hakiwafanyi kitu. Kansa yenyewe haimrukii mtu. Kinachotokea ni kwamba malaria ya mara kwa mara inazichokoza seli B, zile zinazotengeneza kingamwili, zinazaliana kwa fujo, halafu siku moja kipande cha kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli, kinahama, mara nyingi namba 8 na namba 14 zinabadilishana, jeni inaitwa MYC inajikuta imewashwa muda wote na seli haisimami tena kugawanyika. Ndo maana ukisikia mtu anatafiti kansa, kinga ya mwili na baiolojia ya molekuli kwa pamoja usidhani anatangatanga, hapo huwezi kushika kimoja ukaacha vingine.

Kuhusu dawa kufichwa, Epstein huyo huyo alihamia Bristol 1968 akahangaika na chanjo ya kirusi chake mpaka anastaafu 1985, amefariki Februari 2024 akiwa na miaka 102, na mpaka leo chanjo iliyoidhinishwa hakuna. Mtu anayeficha hahangaiki hivyo.

Halafu wale wanaosema sisi ni panya wa majaribio. Hapa hapa Mwanza kuanzia 2017 wasichana 930 wa miaka 9 mpaka 14 walishiriki utafiti wa chanjo ya HPV, inayokinga kansa ya shingo ya kizazi, na wote walipewa chanjo iliyokuwa imeshaidhinishwa, tofauti ilikuwa dozi 1, 2 au 3. Matokeo yao yalikuwa sehemu ya ushahidi uliotumika WHO iliposema 2022 kwamba dozi moja inaweza kutosha, na 2024 Tanzania ikahamia dozi moja. Mabinti zetu wamewapunguzia sindano mabinti wa nchi nyingi, mbona hili halisemwi mwaloni?

La mwisho ni lile la "ni jino tu hilo." Yule mtoto aling'olewa meno mawili mahali fulani na wiki zikapita, wakati uvimbe huu unaweza kuongezeka mara mbili ndani ya siku moja au mbili hivi. Ila ndo kati ya kansa zinazosikia dawa vizuri sana ukiwahi, cyclophosphamide na wenzake. Kwa hiyo ukiona taya la mtoto linavimba na meno yanalegea, omba akatwe kinyama kipelekwe maabara, usikubali kuishia kwenye koleo.