Jack Barry hakuzikwa na kashfa ya Twenty-One

Anapotajwa Jack Barry, mtangazaji wa televisheni wa Marekani, wengi husema alidanganya kwenye chemshabongo, akafukuzwa, na asionekane tena kwenye televisheni. Nusu ya kwanza ina ukweli. Nusu ya pili si kweli.

Barry aliendesha Twenty-One, kipindi cha chemshabongo cha NBC (mtandao wa televisheni wa Marekani) kilichoanza Septemba 1956, na alikitayarisha pamoja na mshirika wake Dan Enright. Onyesho la kwanza halikupangwa matokeo, na ndiyo maana lilichosha: washindani walikosea swali baada ya swali, mdhamini akakasirika. Baada ya hapo Enright akaanza kuwapa washindani majibu mapema na kupanga nani ashindwe. Mshindani Herbert Stempel, mathalani, aliagizwa akosee swali kuhusu filamu ya Marty, ambayo aliipenda na kuijua vizuri. (Ukatili wa aina yake, kwa kweli.) Barry mwenyewe baadaye alikiri kushiriki kuficha mambo.

Kipindi kilifutwa mwaka 1958. Wakati huo hakukuwa na sheria ya Marekani iliyokataza hasa kupanga matokeo ya chemshabongo. Ililetwa mwaka 1960.

Barry alikaa pembeni kwa miaka mingi, hilo halina ubishi. Lakini mwaka 1972 alipata kipindi kipya cha chemshabongo, The Joker's Wild, kwenye CBS, mtandao mwingine wa Marekani, akiwa mtangazaji na mtayarishaji. Hata Enright akaungana naye tena. Barry alikuwa bado anakiendesha kipindi hicho alipofariki mwaka 1984.