Maalim, huvijui vigawo vyake, basi unabahatisha!

Jana tena. Nimekaa barazani Chake Chake, kahawa bado inafuka, ami mmoja akanikazia macho: "Unasema namba ile si tasa. Haya, nitajie vigawo vyake. Huvijui? Basi unabahatisha." Wiki iliyopita wanafunzi wangu wa tuisheni waliniambia hayo hayo, na kabla yao mwalimu mwenzangu, tena wa hisabati! Naandika nisije nikarudia kwa mdomo: namba yaweza kujulikana si tasa bila kukijua kigawo chake hata kimoja. Tasa ni namba kubwa kuliko 1 isiyogawika bila baki ila kwa 1 na yenyewe; vigawo ni namba zinazoigawa bila baki.

Twende.

Tushike 91, tujifanye hatuijui. Fermat, mwanahisabati wa Kifaransa, alituachia kanuni: p ikiwa tasa, na si 2, ukigawa 2^(p−1) (2 ziwe p−1, zizidishwe pamoja) kwa p lazima ibaki 1. Sasa 2^12 ni 4096, na 91 × 45 ni 4095. Baki 1. Tunataka 2^90; 90 ni 12 mara saba, na sita juu. Kila 2^12 inabakisha 1, basi baki lake ni lile la 2^6, yaani 64. Ilitakiwa 1, imetoka 64. Imeumbuka, si tasa.

Ami akadakia: "Kigawo si hiyo saba!" Hapana, ami. Hiyo imetoka katika kugawa 90 kwa 12; imesadifu tu kwamba 91 ni 7 × 13. Kigawo hatujakitafuta hata kimoja. Gunia la karafuu ukilipima ukalikuta limepungua, umeshajua limechotwa. Nani kachota ni kesi nyengine.

Na kesi hiyo yaweza kuchukua umri wa mtu. Mersenne, mtawa wa Kifaransa, mwaka 1644 aliitia 2^67 − 1 katika orodha yake ya namba tasa. Lucas, mwanahisabati, mwaka 1876, kwa kipimo kikali kuliko hiki changu, akaonyesha si tasa, vigawo hana. Vilikuja mwaka 1903, pale Cole, mwanahisabati wa Kimarekani, alipoviandika ubaoni mbele ya wanahisabati wa Marekani. Miaka 27! Lucas alikuwa anabahatisha?

Sasa aibu yangu. Kipimo cha Fermat kinakamata waongo, hakitoi cheti cha ukweli. 341 inakipita kwa 2 bila jasho (2^340 ukiigawa kwa 341 inabaki 1), nayo ni 11 × 31. Na kwa nini kutafuta vigawo ni kugumu hivi? Sijui, wala hakuna aliyethibitisha kwamba njia ya haraka haipo. Skuli nasema "ni kugumu" kwa sauti nzito, halafu nafuta ubao upesi.

Ami hakuridhika. Akataka hivyo vya Cole: 193707721 na 761838257287. Akavizidisha kwenye simu, ikamwandikia 1.4757395E20.

"Hii E ya nini?"

Tukaagiza kahawa ya pili, akatuma mtoto dukani kununua karatasi.